Jina la Guislain, kutoka Lubumbashi hadi Gent

Msomaji wetu, mama ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, ametuandikia hivi: «Binti yangu anaishi Gent, Ubelgiji, nami ninajiandaa kwenda kumsaidia kulea mtoto wake wa kwanza. Amesema kwamba siku moja atanipeleka kwenye makumbusho ya magonjwa ya akili yenye jina la Dr. Guislain, jina lile lile la hospitali ya huku kwetu ambako mdogo wangu alilazwa mara 2. Daktari, je, si aibu kwenda kutazama wazimu wa watu kama mtu anayekwenda kutazama sinema? Na kama si aibu, mimi nisiye mganga nitazame nini mle ndani?»

Mama, jibu langu ni kwamba uende, wala usingoje binti akubembeleze. Hata hivyo hofu yako naiheshimu, na ningependa kuanza nayo kabla ya kukuingiza katika chumba chochote, kwa sababu aibu unayoitaja iliwahi kutendeka kweli. Huko London, katika hospitali ya wagonjwa wa akili iitwayo Bethlem, watu wa mjini katika karne ya 17 na ya 18 walikuwa wakiingia kama waendao sokoni, wakitoa sarafu mlangoni, kisha wakitembea katika korido na kuwacheka wagonjwa, wengine wakiwachokoza makusudi ili wafanye vituko. Siku za sikukuu ndizo zilizojaza watu zaidi. Mlango huo wa wazi kwa kila mtu ulifungwa mwaka 1770. Kwa hiyo ukisema kwamba haifai kwenda kumtazama mgonjwa kama sinema, unasema jambo ambalo hospitali yenyewe ilichukua miaka mingi kulitambua.

Pale Gent jicho limegeuzwa. Wanaotazamwa katika makumbusho yale ni sisi tulioshika funguo: waganga, watawa, wauguzi, mahakimu waliotia sahihi karatasi za kumfungia mtu, hata wachoraji wa majengo waliopanga dirisha liwe juu kiasi gani. Ukiingia na wazo hilo moja, hutapotea, na sidhani kama utamwonea mdogo wako haya.

Sasa habari ya jina. Wengi wetu hapa mjini tumekua tukisikia «Guislain» kama jina la mahali, tena mahali pa kutishia watoto watundu, bila kujua kwamba lilikuwa jina la mtu. Jozef Guislain alizaliwa Gent mwaka 1797, akasomea uganga humo humo, akafa mwaka 1860. Jina lake lilifika Lubumbashi kwa mikono ya watawa wa shirika la Ndugu wa Upendo, wale tunaowaita Mafrere wa Charité, ambao ndio walioanzisha pia nyumba za wagonjwa wa akili zinazojulikana katika ukanda wetu wote: Sosame kule Bukavu, Tulizo Letu kule Goma, Ndera nchini Rwanda, Kamenge kule Bujumbura. Shirika hilo lilianzia Gent mwaka 1807, likiundwa na padri mmoja, mwenye cheo cha kanoni, aliyeitwa Petrus Jozef Triest. Ni kusema kwamba utakapokuwa unasukuma kigari cha mjukuu wako katika barabara za Gent, utakuwa umefika kwenye chemchemi ya maji ambayo jamaa yako aliyanywa huku.

Kabla ya makumbusho yenyewe, mwombe binti akupitishe karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Bavo. Hatua chache kutoka pale kuna jengo la mawe la karne ya 13, zito, lenye rangi ya majivu, linaloitwa ngome ya Gerard Ibilisi. Gerard alikuwa bwana mkubwa wa mji, na jina la Ibilisi ni la utani wa watu wa zamani. Chini ya jengo hilo kuna chumba cha ardhini chenye nguzo fupi nene, na humo ndimo walimofungwa wanaume wa Gent waliopatwa na wazimu, kwa minyororo, katika giza na unyevu. Mwaka 1815 Triest na watawa wake waliwafungua wakawahamishia mahali pengine, na mwaka 1828 Guislain akawekwa kuwa mganga wa nyumba za wagonjwa wa akili za mji, ya wanaume na ya wanawake. Padri na mganga waliandika pamoja kanuni za nyumba: namna ya kumwamsha mgonjwa, kumlisha, kumpa kazi ya mikono, kumkataza mtumishi asimpige. Mambo haya leo yanaonekana madogo. Ila muulize mtu yeyote aliyewahi kulazwa katika wodi ya wagonjwa wa akili ni nini alichokikumbuka baada ya kupona, atakutajia namna alivyoamshwa.

Fundisho kubwa la Guislain, alilolieleza katika maandishi yake ya mwaka 1833, ni kwamba wazimu huanza kama maumivu. Alisema kwamba roho inaweza kuumia kama vile mguu unavyoumia, kwa msiba, kwa hofu, kwa fedheha, kwa kupoteza mali, na kwamba maneno ya ajabu na ghadhabu tunazoziona ni mwitikio wa maumivu hayo. Leo tunajua mengi ambayo yeye hakuyajua juu ya ubongo na urithi wa damu, na siwezi kufundisha wanafunzi wangu kwa kitabu chake. Lakini ukilinganisha na waliodhani kwamba mgonjwa wa akili hasikii baridi wala njaa, kwa hiyo hahitaji blanketi, utaona aliruka mto mpana kiasi gani.

Hapo ndipo nakuomba usimfanye mtakatifu. Katika kitabu chake cha kwanza cha mwaka 1826, akiwa bado kijana, Guislain aliweka mchoro wa mashine ambayo mimi nilipouona mara ya kwanza nilifunga kitabu. Ni kijumba kizuri chenye paa la mtindo wa Kichina, juu ya maji, na ndani yake kuna tundu jepesi la chuma, kama la ndege, lililoning'inizwa kwa kamba na kapi. Mgonjwa anaongozwa kwa upole hadi ndani. Mtumishi mmoja anafunga mlango nyuma yake, wa pili anaachia breki, na tundu linashuka chini ya maji pamoja na mtu aliyemo. Likiisha kuleta hofu iliyokusudiwa, linapandishwa. Fikira ya wakati ule ilikuwa kwamba mshtuko wa ghafula unaweza kuurudisha ubongo mahali pake. Mganga yule yule aliyeandika kwamba wazimu ni maumivu ndiye aliyechora mashine ya kumzamisha mgonjwa ndani ya maji, na kati ya mambo hayo mawili ilipita miaka 7 tu. Kila ninapoandika dawa ya nguvu kwa mgonjwa mpya, nakumbuka lile paa la Kichina lilivyochorwa kwa ustadi.

Tuje kwenye jengo lenyewe, ambalo kwa maoni yangu linashinda kila kitu kilichowekwa nyuma ya kioo. Sheria ya kwanza ya Ubelgiji juu ya wagonjwa wa akili ilitoka mwaka 1850, na Guislain alikuwa mmoja wa walioitengenezea njia. Kisha, pamoja na Adolphe Pauli, mchoraji wa majengo wa mji, akapanga hospitali mpya nje ya mji wa wakati ule. Ilifunguliwa mwaka 1857. Utakuta matofali mekundu, mabanda yasiyo marefu, matao, na nyua nyingi zenye bustani, kila ua ukiwa wa kundi lake: watulivu mahali pao, wenye ghasia mahali pao, wanaoelekea kupona mahali pao. Wewe mwalimu utalielewa hili upesi kuliko madaktari wengi, kwa kuwa unajua darasa linavyobadilika ukibadilisha tu mahali watoto wanapoketi. Simama katikati ya ua mmoja, geuka polepole, jiulize mtu aliyekaa hapa miaka 20 aliona nini kila asubuhi. Aliona miti, ndiyo. Aliona mbingu. Aliona pia kuta pande zote 4.

Makumbusho yalianzishwa mwaka 1986 ndani ya jengo hilo, na watawa wale wale. Mle ndani kuna makoti ya kumfungia mgonjwa, yale yenye mikono mirefu isiyo na tundu, inayofungwa mgongoni; kuna pingu; kuna mashine za mshtuko wa umeme, tiba iliyoanzia Rome mwaka 1938, ambayo leo bado hutumika katika nchi nyingi, lakini mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Sitakuorodheshea kila kitu, kwa sababu mwongozo utafanya hivyo na vitu hubadilishwa. Nitakueleza tu mambo machache ambayo mtu wa Lubumbashi anaweza kuyapita bila kujua kwamba yanamhusu.

La kwanza ni malaria. Ndiyo, malaria yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 hospitali za Ulaya zilijaa watu walioharibikiwa ubongo kwa kaswende ya muda mrefu, ugonjwa uliomfanya mtu ajione mfalme kisha ukampoozesha na kumuua. Mwaka 1917 mganga wa Vienna, Julius Wagner-Jauregg, alichukua damu ya askari mwenye malaria akawadunga wagonjwa hao, kwa kuwa aliona kwamba homa kali huweza kuuzima ugonjwa huo. Baada ya homa kupanda mara kadhaa, aliwapa kwinini. Wengine walipata nafuu ya kweli, wengine walikufa kwa homa yenyewe. Mwaka 1927 alipewa Tuzo ya Nobel. Nilipowasimulia wauguzi wetu kisa hiki walicheka sana, na mmoja akasema kwamba kama malaria ingekuwa dawa ya kichwa, basi Kongo nzima ingekuwa na akili timamu. Penisilini ndiyo iliyomaliza tiba hiyo katika miaka ya 1940.

La pili linakaa pengine katika kabati la nyumba yenu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, waganga Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wenye wazimu mkali dawa ambayo daktari wa jeshi, Henri Laborit, alikuwa ameitumia kuwatuliza watu wanaopasuliwa. Hiyo ndiyo Largactil. Kisha mwaka 1958, huko Beerse, mji mdogo wa Ubelgiji, Paul Janssen na watu wake wakapata haloperidol, ile Haldol ambayo kila familia yenye mgonjwa hapa mjini inaijua kwa jina na kwa bei. Ilikuwa Mbelgiji aliyejenga kuta nzuri, na miaka 100 baadaye ilikuwa Mbelgiji mwingine aliyetoa dawa iliyofanya wengi watoke nje ya kuta. Nasema wengi, sisemi wote. Kama umemwona mdogo wako shingo ikikakamaa, mikono ikitetemeka, akitembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani na asiyetaka imwagike, unajua kwamba kidonge nacho kinaweza kumfunga mtu, hasa mganga akizidisha kipimo ili wodi iwe kimya. Mtu akiwa hivyo arudishwe kwa mganga apunguziwe au aongezewe dawa ya kulegeza. Asiachishwe dawa nyumbani kwa uamuzi wa jirani.

La tatu si la uganga, nami ndilo nililolipenda kuliko yote. Makumbusho yana mkusanyo mkubwa wa sanaa ya watu ambao hawakusomea sanaa popote, wengi wao wakiwa wamepitia hospitali za akili. Miongoni mwao yumo Mholanzi Willem van Genk, aliyezaliwa mwaka 1927 akafa mwaka 2005. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watu wa polisi ya siri ya Wajerumani waliingia nyumbani kwao wakimtafuta baba yake, wakampiga kijana huyo. Walikuwa wamevaa makoti marefu. Maisha yake yote yaliyofuata Van Genk alinunua makoti ya mvua, mamia kwa mamia, kwa kuwa aliona nguvu imo katika koti. Tena aliunda mabasi, yale yanayovuta umeme kwenye nyaya za juu, kwa maboksi, plastiki na takataka nyingine alizookota. Ukibahatika kuyakuta yameonyeshwa, sogea karibu kabisa. Utaona karatasi za matangazo zimebandikwa moja juu ya nyingine, na utakumbuka magari ya makopo na waya ambayo watoto wetu huyavuta kwa kamba katika mavumbi ya mitaa yetu ya Kenya na Katuba. Tofauti ni kwamba mtoto wetu anaunda gari ili alivute. Van Genk aliunda kituo kizima cha mabasi ndani ya chumba anamoishi, asimruhusu mtu kukigusa.

Utakutana pia na picha za wagonjwa, nyuso tupu zilizopigwa na waganga wa zamani kwa ajili ya vitabu vyao, bila mtu kuulizwa kama anakubali. Hapo moyo wako utakwama kidogo, nami sitakuambia usikwame. Mimi mbele ya picha za namna hiyo huwa natafuta mikono badala ya macho: mara nyingi, pembeni mwa picha, utaona mkono wa mtu mwingine umemshika mgonjwa bega au kidevu ili asigeuke.

Pengine mwongoza wageni atawasimulia habari ya Philippe Pinel wa Paris, ambaye katika michoro mikubwa ya Wafaransa anasimama kama Musa akiamuru minyororo ikatwe. Mwambie mjukuu wako, atakapokuwa mkubwa, kwamba katika hospitali ya Bicêtre minyororo iliondolewa mwaka 1797 na msimamizi wa wodi, Jean-Baptiste Pussin, wakati ambapo Pinel alikuwa amekwisha kuhama. Pussin hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa ngozi, aliyeletwa Bicêtre akiwa mgonjwa wa tezi za shingo, akapona, akaajiriwa.

Sasa turudi kwetu, maana usije ukatoka mle ukifikiri kwamba mnyororo ni jambo la zamani za Wazungu. Wewe unaishi hapa, unajua. Miaka michache iliyopita niliitwa katika uwanja wa chumba kimoja cha sala, ambako kijana wa miaka kama 20 alikuwa amefungwa mguu kwa mnyororo wa baiskeli kwenye shina la mwembe. Walikuwa wamezungushia kitambaa kwenye kifundo ili chuma kisimkate, na kitambaa hicho kilikuwa kimefuliwa. Ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni mwa mama yake pamoja na rozari. Aliniambia: «Daktari, nikimfungua atakimbilia barabarani, malori ya mgodi yatamgonga.» Nilikuwa nimekuja na hasira, sikujua niiweke wapi. Nilipoona pingu za Gent nyuma ya kioo, nilimkumbuka mama yule kabla ya kumkumbuka Triest. Yeye hakuwa na ua wenye bustani, hakuwa na mtumishi, hakuwa na franka za Haldol ya mwezi. Alikuwa na kufuli, na alifua kitambaa.

Kwa sababu hiyo, kama binti ana siku moja zaidi, mwombe akupeleke Geel, mji mwingine wa Ubelgiji. Tangu zama za kati mahujaji waliwaleta jamaa zao wenye wazimu huko, kwa kaburi la Mtakatifu Dimfna, na kanisa lilipojaa, wenyeji wakawapokea majumbani. Desturi hiyo haijafa: hadi leo ziko familia zinazoishi na mgeni mwenye ugonjwa wa akili mezani pao, zikisaidiwa na hospitali, na kabla ya Vita Kuu ya Pili wageni hao walipita 3,000. Guislain mwenyewe hakuipenda Geel. Aliona ni fujo, akapendelea jengo lenye mpango. Katika hilo mimi namhesabia kosa, ingawa namwelewa, kwa kuwa mganga hupenda mgonjwa aliyeko mahali anapomwona.

Mambo ya safari ni machache. Kutoka stesheni ya treni ya Gent kuna tramu, na binti atajua. Msiende Jumatatu, kwa kuwa milango hufungwa. Mtoto mchanga hana tatizo, ila msukumeni taratibu katika nyua, kwa sababu sehemu ya eneo hilo bado ni hospitali inayofanya kazi: watu utakaowakuta wakivuta sigara kwenye benchi huenda ni wageni kama wewe, huenda ni wagonjwa, na hakuna atakayekuambia yupi ni yupi. Wasalimu wote. Simu ya kupigia picha iache mfukoni mpaka uwe mbele ya ukuta au mti.

Hukuniuliza kama umwambie mdogo wako. Ningekushauri umwambie kabla ya kusafiri, tena umuulize kama anataka umletee picha ya jengo lenye jina lile. Wagonjwa wangu wawili niliowaonyesha picha ya ua wa Gent walinijibu tofauti kabisa: mmoja aliitazama muda mrefu akaomba abaki nayo, wa pili aliirudisha upesi akaniuliza lango liko upande gani.